Dibaji Ilipoifunika Kazi: Santuri ya Dollar Brand na Wenzake

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Methali hii haikumfaa Adolph Johannes Brand, mpiga piano aliyezaliwa mjini Cape Town mwaka wa 1934 na kufahamika kwa jina la Dollar Brand. Kwao alicheza, tena kwa ustadi: mwaka wa 1960 alikuwa katika kundi la Jazz Epistles lililorekodi santuri ndefu ya kwanza ya jazi ya wanamuziki weusi wa Afrika Kusini. Tuzo hakuiona. Mwezi Machi mwaka huohuo polisi waliwaua watu 69 huko Sharpeville, na utawala wa kibaguzi ukazidi kuwabana wasanii na wasikilizaji wao. Mnamo 1962 Brand alihamia Zurich, Uswisi. Huko, pamoja na Johnny Gertze wa besi na Makaya Ntshoko wa ngoma, akawa anatumbuiza katika klabu iliyoitwa Africana.

Kabla ya kuendelea, inafaa tuelewane kuhusu istilahi. Sisi wa Afrika Mashariki tulizoea neno jazi katika majina ya bendi za dansi, mathalani Morogoro Jazz na Western Jazz, ambazo gitaa ndilo lililotawala. Jazi inayozungumziwa hapa ni ile iliyochipuka miongoni mwa Wamarekani weusi, ambayo mpigaji huichukua tuni na kuitungia upya papo hapo mbele ya hadhira. Yeyote aliyewahi kuwasikiliza malenga wakijibizana bila karatasi mkononi ana msingi wa kutosha kuielewa.

Mwezi Februari 1963 Duke Ellington, kiongozi wa bendi aliyekuwa na sifa dunia nzima, alifika Zurich. Bea Benjamin, mwimbaji wa Cape Town ambaye baadaye alijulikana kama Sathima, alimwendea na kumsihi aje kumsikiliza Brand. Ellington alikubali. Siku chache baadaye wote walikuwa studioni mjini Paris, na mwaka wa 1964 kampuni ya Reprise ya Marekani ikaitoa santuri kwa anwani hii: Duke Ellington Presents the Dollar Brand Trio. Yaani, Duke Ellington anawaleta kwenu Dollar Brand na wenzake. Jina la mleta mgeni limetangulia. Mgeni mwenyewe anafuata.

Nionavyo mimi, anwani hiyo ndiyo iliyoamua jinsi santuri ingepokelewa. Naam, iliwafungulia milango. Mialiko ya matamasha ya Ulaya ilifuata, na mwaka wa 1965 Brand akapiga katika tamasha la Newport, Marekani. Lakini tangu hapo imekuwa desturi kumweleza mpiga piano huyu kwa kutaja nani anafanana naye: hapa amemfuata Ellington, pale amemfuata Thelonious Monk. Ithibati haikosekani. Santuri ina kipande cha Monk, Brilliant Corners, na kingine kiitwacho The Stride, jina la mtindo wa zamani wa piano ambao mkono wa kushoto huruka huku na huko kati ya besi na sauti za kati. Anayezitafuta athari za Marekani atazipata. Kasoro ni kwamba akishazipata, hutosheka.

Tukitazame kipande kiitwacho Ubu Suku. Kwenye orodha ya santuri jina limeandikwa kwa maneno mawili, kana kwamba ni fumbo la kigeni. Mwanafunzi wetu wa isimu akiliunganisha atatabasamu: ubusuku, yaani usiku, kwa Kizulu na Kixhosa. Lugha hizo zimehifadhi kiambishi ubu- ambacho katika Kiswahili kimebaki u- tu. Na usuku kwao ni siku kwetu. Kisha kuna Kippi, kumbukumbu ya Kippie Moeketsi, mpiga saksafoni wa Jazz Epistles aliyebaki nyumbani. Majina haya mawili yanatosha kumwonyesha mhakiki kwamba mpigaji yuko Paris kwa mwili ilhali sikio lake liko kusini. Sikiliza pia jinsi anavyoirudiarudia sauti moja ya chini kama kiitikio, na anavyokiacha kimya kikae. Bibi yake alikuwa mpiga piano wa kanisa la African Methodist Episcopal, na nyimbo za ibada ni shule yake ya awali kabla ya Monk. Hayo hayamo katika anwani.

Wapo watakaonijibu kwamba bila Ellington tusingekuwa na santuri yenyewe ya kujadili. Ni kweli, wala simlaumu mzee yule, aliyetumia jina lake kuwanufaisha vijana watatu waliokimbia dhuluma. Lawama naielekeza kwetu sisi tunaopokea kazi. Nakiri kwamba nilipokuwa mwaka wa pili niliwahi kuhakiki diwani moja kwa kuifinyanga upya dibaji yake, maadamu iliandikwa na profesa mwenye jina. Mashairi niliyapitia juujuu. Nilituzwa alama ambazo hadi leo zinaniaibisha. Fauka ya hayo, ni wangapi kati yetu ambao huusoma mswada wa mwandishi asiyejulikana kabla hatujauliza nani amemwandikia dibaji?

Brand mwenyewe hatimaye alitoka kivulini. Aliingia Uislamu mwaka wa 1968 akaitwa Abdullah Ibrahim, na mwaka wa 1974, akiwa Cape Town, alirekodi Mannenberg, kipande ambacho watu wa vitongoji vya Afrika Kusini walikifanya wimbo wao wa upinzani. Hapakuwa na jina kubwa la kumtangulia. Walioipokea waliijua midundo yake kabla ya kuliona jalada.

Sathima hakupata bahati hiyo mapema. Katika siku zilezile za Paris naye alirekodi nyimbo, Ellington na Billy Strayhorn wakimpigia piano kwa zamu. Dibaji gani ingeizidi hiyo? Hata hivyo Reprise iliona kuwa kazi yake haitauzika, ikaiweka kando, na kwa zaidi ya miaka 30 ilidhaniwa kuwa imepotea. Ilinusurika kwa sababu fundi wa sauti aliyeirekodi alikuwa amehifadhi nakala. Ilitolewa mwaka wa 1997 kwa jina A Morning in Paris. Sathima alifariki mwaka wa 2013, na hadi leo watu wanaomkumbuka kama mwanamke aliyemwita Duke ni wengi kuliko walioketi wakaisikiliza sauti yake.