Kigoma hadi Ulaya: uliza kama tiketi ni moja

Msikilizaji, mwanao akitoka Kasulu kwenda kusoma Ulaya, atabadilisha ndege njiani, pengine na shirika pia. Mashirika makubwa hupokezana abiria kupitia miungano mitatu: Star Alliance, Oneworld na SkyTeam. Si kama Muungano wetu wa 1964. Hapa shirika huingia na kutoka. Kenya Airways ni mwanachama kamili wa SkyTeam tangu 2010. Ubia wake na KLM ulipokoma 2021, ilibaki humo. Ethiopian iliingia Star Alliance 2011.

Air Tanzania, inayotua Kigoma, haimo katika wowote kati ya hiyo. Kwa hiyo muulize wakala: tiketi ni moja au mbili? Zikiwa mbili na ndege ya kwanza ikachelewa, ya pili huenda ikakuacha, na nauli ikapotea.