Kabla mbwa na paka hawajaingia ndani, wanandoa waelewane

Wachumba huulizana mengi kabla ya ndoa. Mahari itakuwaje, watoto wangapi, nani atahamia kwa nani, mama mkwe atakaa nao au atakuja kusalimia tu. Ni wachache wanaoulizana swali ambalo kwa wakati huo huonekana dogo: je, nyumbani kwetu tutafuga mbwa au paka?

Swali hilo hulala kwa miaka yote ya chumba na sebule, kwa kuwa mwenye nyumba ameshakataza mifugo. Huamka siku wanandoa wanapohamia kwao. Na wengi huhamia nyumba ikiwa haijaisha. Bati limeezekwa, madirisha yana nondo bila vioo, uzio hakuna, na jirani wa karibu yuko viwanja vitatu mbele. Usiku wa kwanza mume anawaza wezi, mke anawaza nyoka na panya. Asubuhi mmoja anasema watafute mbwa, mwingine anasema paka angetosha.

Wiki haijaisha, mbwa mdogo ameletwa ndani ya boksi na fundi au rafiki wa kazini. Hakuna aliyeuliza kama amechanjwa, atakula nini wala nani atamhudumia. Mambo ya afya huanzia hapo, na ugomvi wa wanandoa pia.

Kila mmoja na malezi yake

Chukua mfano wa mume aliyekulia Moshi na mke aliyekulia Tanga mjini. Kwao mume, mbwa alifungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku, na watoto walimzoea tangu wakitambaa. Kwao mke, katika nyumba ya Kiislamu, mate ya mbwa ni najisi, na nguo iliyoguswa na mate hayo haiswaliwi mpaka itoharishwe. Paka ndiye aliyeachwa apite anakotaka. Hata sahaba maarufu wa Mtume, Abu Huraira, alipewa jina hilo lenye maana ya baba wa paka mdogo.

Sasa mume anamwona mkewe akiruka pembeni mbwa anapomsogelea, anadhani ni maringo. Mke anamwona mumewe akimpapasa mbwa kisha kumbeba mtoto, anadhani ni dharau. Kila mmoja amebeba malezi ya kwao, na hakuna anayepaswa kuchekwa.

Makubaliano yanawezekana. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda. Familia inaweza kukubaliana kwamba mbwa atakuwa na banda lake nje, vyombo vyake visivyochanganywa na vya jikoni, na kwamba anayemhudumia atanawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au mtoto. Kitaalamu, utaratibu huo huo ndio unaopunguza magonjwa. Dini na afya hapa zinasema jambo moja.

Jambo la pili la kukubaliana ni kazi. Mara nyingi mwenye wazo la kufuga ni mmoja, na mtenda kazi ni mwingine. Mume analeta mbwa, anaondoka alfajiri na kurudi usiku. Anayepika uji wa mbwa, kusafisha banda na kukutana naye mchana kutwa ni mke au dada wa kazi. Dada wa kazi ndiye husahaulika kabisa. Hakuna anayemuuliza kama anaogopa mbwa, wala kumwambia afanye nini akiumwa.

Chanjo kwanza, jina baadaye

Ugonjwa wa kwanza kuufikiria ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu 59,000 duniani kila mwaka, na karibu wote hufa barani Afrika na Asia. Hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Kwa wazazi, takwimu inayouma zaidi ni hii: takribani watu 4 kati ya 10 wanaokufa ni watoto walio chini ya miaka 15.

Sababu iko wazi. Mtoto ni mfupi, hivyo meno ya mbwa humfikia usoni na shingoni. Mtoto hucheza na mbwa asiyemjua. Na mtoto akikwaruzwa, huenda asiseme kwa kuogopa kuchapwa.

Mtu akishaanza kuonyesha dalili, ugonjwa huu karibu kila mara huishia kwenye kifo. Lakini kabla ya dalili unazuilika, na muda upo, kwa sababu virusi huchukua kwa kawaida miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuleta dalili, ingawa huweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Muda huo haupaswi kupotezwa kwa kungoja kuona itakuwaje.

Mtu yeyote akiumwa au kukwaruzwa na mbwa au paka, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Baadhi ya familia hupaka pilipili, mafuta ya taa au majani. Vitu hivyo haviui virusi na huweza kuumiza jeraha zaidi. Baada ya kuosha, safari ni ya kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa ni wa nyumbani. Mhudumu wa afya ndiye ataamua kama mgonjwa aanze sindano, na akianza anapaswa kumaliza ratiba yote. Kwa kuwa chanjo hiyo ya binadamu haipatikani katika kila zahanati, wazazi wafahamu mapema ni hospitali gani ya karibu inayo.

Mbwa aliyeuma, kama anafahamika, asiuawe kwa hasira. Afungiwe mahali salama na ofisa mifugo aarifiwe ili aangaliwe kwa siku 10. Akibaki mzima muda huo wote, hilo linamsaidia daktari kuamua. Akiwa ameuawa na kutupwa, taarifa hiyo imepotea.

Kinga yenyewe ni rahisi kuliko mlolongo huu wote. Mbwa huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka, na paka naye huchanjwa. Ofisa mifugo wa kata anajua chanjo inapatikana wapi. Kampeni za uchanjaji pia hufanyika katika maeneo mengi karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kadi ya chanjo ya mbwa itunzwe pamoja na kadi za kliniki za watoto. Kisiwani Pemba, kazi ya kuchanja mbwa iliweza kuusukuma ugonjwa huu nje ya kisiwa, ukarudi, na uchanjaji ukauondoa tena.

Mke akipata ujauzito, paka afukuzwe?

Hapa ndipo paka wengi hutiwa kwenye gunia na kwenda kutupwa sokoni. Mtu amesikia kwamba paka huharibu mimba, mama mkwe ameongeza lake, na mume anaona njia ya haraka ni kumwondoa.

Ukweli una pande mbili. Upo ugonjwa uitwao toksoplasmosi, unaoletwa na kimelea kinachoweza kutoka kwenye kinyesi cha paka. Mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza wakati wa ujauzito, mimba inaweza kuharibika au mtoto akapata madhara ya macho na ubongo. Kwa hiyo hofu ina msingi.

Upande wa pili ni kwamba paka si njia pekee. Watu huambukizwa pia kwa kula nyama isiyoiva vizuri, mboga na matunda yasiyooshwa, na kwa kushika udongo wenye kinyesi cha paka. Mjamzito anaweza kumfukuza paka wake kisha akaambukizwa kwa mshikaki uliobaki mbichi katikati. Tena paka akiambukizwa, kwa kawaida hutoa vimelea hivyo kwa wiki chache tu.

Kinachotakiwa ni mgawanyo wa kazi. Kinyesi cha paka kiondolewe kila siku, kwa sababu kimelea huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza. Kazi hiyo aifanye mume au mtu mwingine katika miezi yote ya ujauzito. Kama hakuna mwingine, mjamzito avae glovu na kunawa vizuri. Paka asilishwe nyama mbichi. Mjamzito akilima bustani avae glovu, na nyama ya nyumba nzima iive. Wasiwasi ukibaki, mahali pa kuuliza ni kliniki.

Mtoto anapozaliwa

Mbwa aliyezoea kuwa wa kwanza kupokewa mlangoni hajui kwa nini ghafla hakuna anayemwangalia. Ni vema akaanza kuzoeshwa mabadiliko mapema: mahali pa kulala, muda wa kula, chumba asichoruhusiwa kuingia. Mtoto mchanga asiachwe peke yake na mbwa au paka hata kwa dakika ya kufuata nguo kwenye kamba, hata kama mnyama ni mpole. Paka anatafuta joto, na joto liko kwa mtoto.

Mtoto akianza kutembea, afundishwe mambo matatu: asimsogelee mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha. Mkia na masikio si vya kuvuta. Mbwa anayefungwa mnyororo mfupi mchana kutwa na kurushiwa mawe na watoto wa mtaani huwa mkali, na ukali huo humrudia mtoto wa nyumbani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, lakini hata bila sheria, mbwa anayeteswa si mlinzi.

Minyoo nayo ina njia zake. Mayai ya minyoo ya mbwa na paka hukaa kwenye udongo, na watoto hucheza humo na kutia vidole mdomoni. Watoto wa mbwa huanza dawa ya minyoo wakiwa na wiki chache, na wakubwa hupewa mara kwa mara kama mtaalamu wa mifugo atakavyopanga, mara nyingi kila baada ya miezi mitatu. Kinyesi kifukiwe, na watoto wavae viatu. Kwa wanaochinja nyumbani, mapafu na maini yenye malengelenge yasirushiwe mbwa, kwa sababu humo hupita mnyoo anayeweza kumsababishia binadamu uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu.

Kama katika familia kuna mwenye pumu, swali liulizwe kabla ya mnyama kuletwa. Kinachosumbua si manyoya pekee, ni chembe za ngozi na mate zinazobaki kwenye makochi na mapazia muda mrefu. Hata hivyo, si kila mtoto hudhurika. Utafiti mkubwa wa nchini Sweden uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kuwa watoto waliokulia nyumba zenye mbwa katika mwaka wao wa kwanza walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata pumu kwa asilimia 13 walipofikia umri wa kwenda shule. Mtoto ambaye tayari anabanwa kifua akimkaribia paka ni suala jingine, na daktari ndiye wa kuamua.

Mmoja asije akawa kumi

Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, na hubeba kwa takribani miezi miwili. Familia iliyochukua paka mmoja kwa ajili ya panya inaweza kujikuta na ukoo mzima kabla ya mwaka kuisha. Kisha watoto wa paka hutupwa, wanaokua huwa mashume wa mtaani, na kwa mbwa ni hivyo hivyo: mbwa koko wengi walianzia kwenye nyumba ya mtu. Kuhasi na kufunga kizazi ni gharama ya mara moja, na kwa hesabu ya mwaka ni nafuu.

Bajeti izungumzwe waziwazi: chakula, chanjo, dawa ya minyoo, dawa ya kupe na viroboto, na akiba ya siku mnyama atakapougua. Mabaki ya mezani hayatoshi, na mengine ni sumu. Vitunguu na chokoleti humdhuru mbwa, mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka na kumchoma tumboni, na paracetamol ya binadamu huua paka.

Mume na mke wakikaa chini jioni moja wanaweza kujibu maswali machache tu: nani atalisha, nani atasafisha, nani atalipia, mnyama atalala wapi, na nani atabaki naye familia ikisafiri kwenda kijijini Desemba. Wakikosa jibu la hata moja kati ya hayo, mbwa asubiri. Uzio unaweza kutangulia.