Mmemnunulia friji, LUKU atalipa nani?

KASORO BAHARI
Na Semeni Mkude

Jumamosi jioni nilikuwa uani kwenye nyumba moja ya kupanga huko Mwembesongo, nikiwatazama vijana wanne wakibomoa fremu ya mlango. Mlango wenyewe ulikwisha kung'olewa na kuegemezwa kwenye mpapai. Katikati ya uwanja ilisimama friji nyeusi, inang'aa, ya milango miwili inayofunguka ubavu kwa ubavu kama kabati la nguo, na mlango mmoja una kibomba cha maji baridi. Upana wake sentimita 91. Mlango wa chumba, sentimita 80. Mwenye nyumba alikaa kwenye kigoda, mikono kifuani, akirudia maneno yale yale: "Mtarudisha kama mlivyokuta. Mtarudisha kama mlivyokuta."

Bibi harusi alisimama pembeni, ufagio mkononi. Alikuwa anatabasamu kwa sababu kamati nzima ilikuwa pale na simu zinarekodi. Lakini binti huyu namjua tangu anasoma shule ya msingi, na tabasamu lake nalijua. Lile halikuwa lake.

Nina hasira, na sioni sababu ya kuificha. Friji ile ni zawadi ya kicheni pati. Binti anaishi na mumewe vyumba viwili, na riziki yake inatokana na baridi: anauza barafu za ubuyu kwa wanafunzi, maziwa mgando kwa madereva wa bodaboda, na mwisho wa wiki anauza perege. Tangu aanze biashara amekuwa akilipia kona ndani ya friza ya jirani. Kamati ilipomtaka aandike mahitaji yake, akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwenye karatasi ya daftari, namba moja: friza ya kulala, lita 200. Karatasi hiyo niliishika. Alipigia mstari mara mbili.

Kikao kilifanyika Kihonda, nyumbani kwa mama mmoja mwenye sebule kubwa. Karatasi ikasomwa. Mwenyekiti akaivua miwani. "Friza? Jamani, tumpe mtoto friza kama anafungua bucha? Watu wa upande wa pili watatuonaje?" Wengine wakaitikia, mmoja akatoa simu na kuonyesha picha ya lile kabati, vigelegele vikapigwa. Nilisema pale pale kwamba mtoto ameomba kitu anachokijua na anachokihitaji. Nikaambiwa, "Da Semeni, hebu tuache, wewe kila kitu unakifanya makala." Haya. Leo nimekifanya makala.

Hilo la watu wa upande wa pili watatuonaje ndilo linalowamaliza vijana wetu. Wala si umaskini. Fedha ilikuwepo, tena nyingi: bei ya kabati lile ilikuwa zaidi ya mara tatu ya bei ya friza aliyoiomba. Kwa fedha ile ile angepata friza, friji ndogo ya chakula cha nyumbani, friji gadi ya kulinda vyote viwili, na mtaji wa ubuyu na sukari. Kamati ikaona afadhali apate kitu kimoja cha kupigia picha.

Tuendelee na uani. Fremu ikatoka, friji ikaingia kwa kusukumwa na kwa dua. Ilikuwa imeletwa kwenye kirikuu ikiwa imelazwa ubavu, na mara ilipofika ukutani kijana mmoja akataka kuichomeka ili kamati ione taa ya ndani ikiwaka. Nilimshika mkono. Friji iliyolazwa njiani, mafuta ya kompresa yanakuwa yamehama mahali pake. Inasimamishwa wima saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Kijana alinitazama kama mama anayeharibu sherehe, lakini akaacha.

Sebule ile sasa haina kochi kubwa. Kochi limehamia chumbani, kitanda kimesogea hadi kwenye dirisha. Mgongo wa friji umebanana na ukuta, hakuna nafasi ya joto kutoka, na ukuta wenyewe ni ule unaopigwa na jua la jioni. Kibomba cha maji baridi kinataka kuunganishwa na bomba, na bomba la nyumba ile lipo uani, wapangaji wote wanapanga ndoo. Halafu binti akafungua upande wa friza ili ajaribu kupanga vifuko vyake vya ubuyu. Upande ule ni mwembamba na una droo finyu. Vifuko vikaingia vichache, vingine vikabaki mkononi mwake. Hapo kamati ilikwisha kuondoka.

Usiku ule ule mpangaji wa chumba cha mbele akabisha hodi. Mtu mstaarabu, alianza kwa salamu na hongera. Kisha: "Sasa mdogo wangu, tukae tuongee habari ya umeme." Nyumba ina wapangaji watano na mita moja ya LUKU. Wote mliowahi kukaa nyumba ya kupanga mnajua mazungumzo hayo yanavyokwenda. Mwenye pasi analaumiwa, mwenye hita analaumiwa, na mwenye friji ndiye mshitakiwa namba moja hata siku friji ikiwa imezimwa.

Na safari hii mpangaji ana haki. Nilisoma lebo ya ile friji: inakula uniti 438 kwa mwaka. Gawanya kwa 12, ni kama uniti 36 na nusu kila mwezi. Kwa nyumba iliyo kwenye tarifa ya T1, uniti moja ukijumlisha kodi na tozo inafika kama shilingi 356, kwa hiyo friji peke yake ni karibu shilingi 13,000 kwa mwezi. Na hesabu ya lebo inafanyika maabara. Haikufanyika Mwembesongo, chini ya bati, mwezi wa Januari, mlango ukifunguliwa kila dakika na watoto wa jirani. Friza ya kulala ya lita 200, au friji ya kawaida yenye friza juu, inaweza kula kama nusu ya hapo.

Wale wenye mita zao na matumizi madogo wasikilize zaidi. Tarifa ya D1, ile ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, inaishia uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka, kila uniti ya ziada ni shilingi 350, na ukiendelea kuvuka unahamishwa. Weka friji inayokula uniti 36, umebaki na 39 za taa, televisheni, pasi, feni na simu za nyumba nzima. Kuna familia hapa mjini zimetolewa kwenye umeme nafuu na friji iliyojaa chupa mbili za maji na nusu ya keki ya kipaimara.

Jumatatu nikaenda dukani mjini kuona watu wanauziwaje. Duka silitaji. Kijana alinipokea kwa "Shikamoo mama, karibu, unapenda ya rangi gani?" Rangi! Hakuuliza tuko wangapi, hakuuliza mlango wetu, hakuuliza mita. Nikafungua friji moja ya mtumba kutoka Ulaya, nikamwonyesha kibandiko kilicho karibu na droo ya mboga, penye herufi SN. Nikamuuliza ni nini. "Hiyo ni saizi, mama."

Si saizi. Ni joto la chumba ambamo friji hiyo imetengenezwa kufanya kazi. SN ni nyuzi 10 hadi 32. N ni 16 hadi 32. ST inafika 38, na T inafika 43. Mji wetu kasoro bahari, kuanzia Desemba hadi Februari, mchana unavuka nyuzi 32 bila taabu, na ndani ya chumba cha bati ni zaidi. Friji yenye N au SN hapo inanguruma mchana kutwa, haipoi, kompresa inachoka, na mwenye nayo anaambiwa na fundi kwamba gesi imeisha. Analipia gesi. Mwezi unaofuata analipia tena.

Ukipanda mlimani mambo yanageuka. Mgeta, Nyandira, Langali, usiku wa Juni na Julai ni baridi ya blanketi mbili. Friji yenye T tupu inataka chumba kisichopungua nyuzi 16. Chumba kikipoa sana, zile za kompresa moja zinaona ndani kumeshapoa, zinapumzika kupita kiasi, na nyama iliyo kwenye friza inaanza kulainika wakati mwenye nyumba anatetemeka kwa baridi. Huko tafuta iliyoandikwa SN-T, inayobeba kuanzia 10 hadi 43. Kijana wa dukani alikuwa hajawahi kuisikia, na anawauzia watu wa Mgeta kila siku ya gulio.

Nami sielewi familia ya watu watatu wa Kilakala wanataka friji ya lita 500 waweke nini. Mboga? Sisi tunaishi chini ya Uluguru! Kabichi, karoti, figiri na njegere za Mgeta zinashuka kila alfajiri. Nenda Soko Kuu la Chifu Kingalu asubuhi, karoti bado zina udongo mwekundu. Ndizi za Kinole na Matombo ukiziweka kwenye friji zinakuwa nyeusi na hazitaiva vizuri tena. Viazi na vitunguu vinataka kivuli na hewa. Nyanya inapoteza ladha. Toa vitu hivyo vyote, kisha uangalie kimebaki nini.

Kilichobaki ndicho cha maana, na kinataka friza kuliko friji. Samaki, nyama, tui. Na maharage! Mama wa watu wanane anayechemsha kilo tatu za maharage Jumapili, akayagawa kwenye vifuko na kuyagandisha, ameokoa mkaa wa wiki nzima. Mkaa wenyewe unatoka kwenye miti, na miti ndiyo inayotunza vijito vinavyoshuka hadi bwawa la Mindu tunakonywa. Mama huyo mpeni friji yenye friza pana juu, lita 250 au zaidi. Mwenye chumba kimoja, lita 100 za mlango mmoja zinamtosha kabisa. Anayefanya biashara ya baridi, friza ya kulala, basi. Baridi ni nzito. Ukifunua mfuniko wa juu inabaki chini, wakati ukifungua mlango wa mbele inamwagika miguuni.

Baba Chiku, ambaye wasomaji wangu mnamjua kwa jenereta lake, alinipigia kunikumbusha mgao wa mwishoni mwa 2023. Wakati ule mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere ilikuwa haijaanza kuzalisha. Ilianza Februari 2024, na bwawa zima limejengwa kwa megawati 2,115. Siku jenereta lake lilipogoma, ni friza yake ya kulala iliyookoa nyama ya msiba mtaani kwao, kwa sababu huwa hairuhusu ikae tupu: palipo wazi anajaza chupa za maji. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa inaweza kushika baridi kama saa 48. Friji ya kawaida, saa nne. Megawati zimeongezeka, lakini nguzo ya mtaani ikianguka kwa mvua ya masika haijui habari ya megawati. Baba Chiku, safari hii nakushukuru hadharani.

Jambo la kisu nalo. Friji zisizo za kujiyeyusha zinaota barafu, na hilo si kasoro. Zinakula umeme kidogo kuliko zile zenye feni na hita ya ndani. Zima, acha mlango wazi, weka tambara. Lakini wengi mnachukua kisu cha jikoni mnachokoa. Nyuma ya barafu ile kuna ukuta mwembamba wa bati wenye njia za gesi, na tobo dogo kama la sindano linatosha kuua friji nzima. Mafundi wa mji huu wanakula kwa visu vyenu.

Binti wa Mwembesongo bado analipia kona ndani ya friza ya jirani. Sasa analipia pia sehemu kubwa zaidi ya LUKU, na fremu ya mwenye nyumba. Kuiuza ile friji hathubutu, maana kamati itauliza, na mama mkwe ameshaisifia kanisani.

Kuna kamati nyingine inakutana Jumamosi ijayo pale Kihonda, na baadhi ya sura ni zile zile. Bibi harusi wao anakwenda kuishi Nyandira, na ameandika wazi: friji ndogo ya mlango mmoja na friji gadi. Mchango wangu wa shilingi 50,000 upo tayari. Risiti ikija na kitu kingine chochote, mnirudishie siku hiyo hiyo, na safari ijayo majina ya kamati nitayaandika hapa moja baada ya jingine, kuanzia na la mwenyekiti.