Maongezi ya gemu yasifungwe kwa hataza

Desemba 2011, ofisi ya hataza ya Marekani iliipa kampuni ya Electronic Arts haki ya kipekee juu ya duara. Si duara la mwalimu wa hesabu, bali lile linalojitokeza kwenye kioo pale mchezaji wa gemu ya Mass Effect anapotakiwa kumjibu mhusika anayeongea naye. Majibu yamepangwa kulizunguka: la upole liko juu, la ukali liko chini, na upande wa kushoto ni wa anayetaka kudadisi zaidi kabla ya kuamua. Kila jibu limeandikwa kwa maneno machache tu, na sentensi kamili husikika mhusika anapofungua kinywa. Kwa kuwa nafasi hizo hazibadiliki, mchezaji aliyezizoea huacha hata kusoma. Kidole chake kinajua wapi pa kubembeleza na wapi pa kugomba.

Gemu hiyo ni kazi ya BioWare, studio iliyo chini ya Electronic Arts, iliyoanzishwa na madaktari wa tiba mjini Edmonton, Kanada, mwaka 1995. Ilitoka Novemba 2007, na ombi la hataza lilichapishwa mwaka huo huo. Hataza ni mapatano kati ya mvumbuzi na dola: yeye anaeleza hadharani jinsi kitu chake kinavyofanya kazi, nayo dola inamlinda dhidi ya wanaokitumia bila idhini, kwa kawaida kwa miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa. Mapatano hayo yana mantiki kwa pampu ya maji au dawa ya malaria. Kwa utaratibu wa watu kuulizana na kujibizana, mantiki hiyo inayumba.

Habari hii ina uzito wake Garissa, ingawa wengi watadhani ni ya Wazungu na vijana wao wa mjini. Kaskazini Mashariki mwa Kenya ni eneo ambalo maneno ni mali. Mtu hutambulika kwa ufasaha wake, mgogoro wa kisima huamuliwa kwa hoja za wazee, na shairi zuri husafiri kutoka Mandera hadi Mogadishu na Jigjiga bila kuulizwa pasipoti. Atakayetaka kutengeneza gemu ya kuigiza wahusika, ile ambayo ushindi hutegemea ulivyoongea kuliko ulivyopiga risasi, ana malighafi tele hapa.

Katika masoko ya mifugo ya Wasomali, dalali, au dilaal kwa Kisomali, ana mtindo wa siku nyingi wa kutaja bei. Mkono wa muuzaji na wa mnunuzi hushikana chini ya shuka, na mazungumzo yote hupitia vidoleni. Kidole kimoja kina thamani yake, vidole kadhaa vikikamatwa pamoja vina thamani nyingine, na wahusika tayari wanafahamu kama wanahesabu mamia au maelfu. Bei inapanda, inashuka, inakataliwa na kutajwa upya, na waliowazunguka hawaambulii chochote. Kwa jicho la mtengeneza gemu, huo ni mfumo kamili wa mazungumzo: ishara fupi zinazobeba kauli ndefu, nafasi zisizobadilika, na mtumiaji anayejibu kwa mazoea ya mkono. Umetangulia duara la BioWare kwa vizazi.

Mfano mwingine ni wa malenga. Mwaka 1979 na 1980, mshairi Maxamed Xaashi Dhamac, aliyejulikana kama Gaarriye, alianzisha mnyororo wa mashairi unaoitwa Deelley. Kila aliyetaka kumjibu, awe anamuunga mkono au anampinga, alilazimika kufuata kanuni moja: kila mstari uwe na neno linaloanza kwa sauti ya D. Malenga wengi waliingia uwanjani, na tungo zao zikasambaa kwa kanda za kaseti. Waswahili nao wana kitendawili, ambapo anayetega hungoja aambiwe "tega", na aliyeshindwa kukitegua hutozwa mji kabla ya kupewa jibu. Hapo kuna zamu, kuna adhabu, kuna tuzo. Hayo yote ni kanuni za mchezo wa maneno, na hakuna aliyewahi kuzitoza kodi.

Wako watakaosema vijana wa eneo lenye ukame na intaneti ya kusuasua hawana muda wa gemu. Lual Mayen amekwishawajibu. Huyu ni kijana wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza kwa miaka mitatu hadi akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta. Kijana akajifundisha kuandika programu, akatengeneza gemu ya amani iitwayo Salaam, na baadaye akaanzisha kampuni ya Junub Games nchini Marekani. Kambi za Dadaab, zilizofunguliwa kuanzia 1991 katika kaunti ya Garissa, zina vijana waliozaliwa na kukulia humo humo, wenye hadithi nyingi na simu mkononi. Nchini Kenya kwenyewe, Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, mwaka ule ule wa Mass Effect.

Sheria ya Kenya inamlinda kijana wa namna hiyo kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, iliyounda KIPI, taasisi inayotoa hataza, inataja katika kifungu cha 21 mambo yasiyohesabiwa kuwa uvumbuzi. Miongoni mwake ni mipango, kanuni au mbinu za kufanya biashara, za kutenda mambo ya akilini tu, na za kucheza michezo. Uwasilishaji mtupu wa habari nao umeondolewa. Akitokea mtu Nairobi kuomba hataza ya mpangilio wa majibu ya gemu, mkaguzi ana msingi wa kumkatalia.

Lakini hataza hufuata mipaka ya nchi, na gemu haifuati. Gemu iliyotengenezwa Garissa itauzwa kupitia Steam, Google Play au duka la Apple, yote ya kampuni za Marekani, na mteja anayelipa vizuri yuko huko. Mara inapouzwa Marekani, inakutana na sheria ya Marekani, ambako mlango wa hataza za programu haujafungwa wala kufunguliwa. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua katika kesi ya Alice kwamba wazo la kufikirika haliwi uvumbuzi kwa sababu tu limetiwa kwenye kompyuta. Miaka miwili baadaye, mahakama ya rufaa ikasema katika kesi ya McRO dhidi ya Bandai Namco na wenzake kwamba kanuni za kuchezesha midomo ya wahusika wa katuni ili ilingane na wanachosema zinaweza kupewa hataza. Mtengenezaji mdogo anabaki katikati ya hukumu hizo mbili, na kesi ya hataza huko humeza mamilioni ya dola.

Madhara yake yameonekana. Warner Bros. ilipewa mwaka 2021 hataza ya mfumo wake wa Nemesis, ambamo adui aliyekuua anapandishwa cheo, anakukumbuka, na mkikutana tena anakukebehi kwa yaliyopita. Mfumo huo ulitumika katika gemu mbili za Middle-earth, ya 2014 na ya 2017. Februari 2025 kampuni iliifunga Monolith, studio iliyoubuni. Waliouwaza wametawanyika, lakini uzio unabaki hadi 2036. Fikiria hasara yake kwa gemu ya wafugaji, ambayo kiini chake kingekuwa jirani asiyesahau kwamba miaka mitatu iliyopita ulimnyima maji.

Namco nayo ilishikilia Marekani hataza ya kigemu kidogo kinachochezwa wakati gemu kubwa inapakiwa. Ilipoisha Novemba 2015, watengenezaji wadogo walisherehekea kwa kubuni vigemu vya aina hiyo. Kisha kuna Palworld, gemu ya studio ya Pocketpair. Septemba 2024, Nintendo na The Pokémon Company waliishtaki studio hiyo mjini Tokyo kwa kukiuka hataza, na kabla ya hukumu yoyote, studio ilibadilisha jinsi mchezaji anavyowaita viumbe wake kwa kurusha mpira, na baadaye jinsi anavyoruka nao angani. Mwenye mali nyingi hahitaji kushinda kesi. Kuifungua tu kunatosha kumfanya mdogo apinde njia.

Watetezi wa hataza wana hoja inayostahili kusikilizwa. Studio hutumia miaka na fedha nyingi kujaribu mpangilio mmoja baada ya mwingine, kisha mwigaji anauchukua kwa wiki moja. Ni kweli. Hata hivyo, kazi hiyo haiachwi uchi. Hakimiliki inalinda maneno ya wahusika, michoro, muziki na programu yenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya fasihi. Alama ya biashara inalinda jina. Kinachobaki wazi ni namna ya kucheza, na hiyo ndiyo inayopaswa kubaki wazi, kwa sababu ndiyo sarufi ya fani nzima. BioWare yenyewe ilijenga juu ya kazi za waliotangulia, tangu gemu za maandishi matupu za miaka ya 1970, na haikumlipa mtu kwa wazo la mchezaji kuchagua la kusema.

Electronic Arts iliahidi Agosti 2021 kutomshtaki yeyote anayetumia baadhi ya hataza zake zinazowasaidia wachezaji wenye ulemavu, ukiwemo mfumo wa Apex Legends wa kuwasiliana na wenzako bila kutamka neno. Ni hatua njema. Ila ahadi ya kampuni hutegemea ukarimu wa mwenye mali, na aliye Garissa hawezi kujenga biashara juu ya ukarimu wa mtu aliye California.

Kinga ya kudumu iko kwingine. Hataza hutolewa kwa kitu kipya tu, na mkaguzi hupima upya huo kwa maandishi anayoyapata. India ililijua hili kwa machungu. Mwaka 1995, chuo kikuu cha Mississippi kilipewa hataza ya kutibu vidonda kwa manjano, jambo ambalo bibi yeyote wa Kihindi alilijua. Ilifutwa 1997 baada ya baraza la utafiti la India kuwasilisha maandishi 32, mengine ya kale kabisa. Baadaye India ilijenga maktaba ya kidijitali ya maarifa ya jadi ili wakaguzi wa nje waikague kabla ya kutoa haki. Tangu Machi 2013, sheria ya Marekani inatambua pia matumizi ya hadharani yaliyofanyika nje ya nchi hiyo, lakini mkaguzi aliye Virginia atayajuaje mambo ya chini ya shuka katika soko la ngamia kama hakuna aliyeyaandika?

Kenya ina chombo cha kazi hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya 2016 inazipa serikali za kaunti jukumu la kusajili maarifa yaliyo katika maeneo yao, na Katiba, katika kifungu cha 11, inataka jamii zilipwe utamaduni wao unapotumiwa. Kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zina madalali, wazee wa xeer (sheria ya kimila ya Wasomali) na malenga ambao maarifa yao yako kichwani. Chuo Kikuu cha Garissa na Chuo cha Taifa cha Ufundi cha North Eastern vina wanafunzi wanaoweza kuyanasa kwa video, kuyaeleza kwa Kisomali, Kiswahili na Kiingereza, na kuyatia tarehe. Kazi hiyo haihitaji maabara. Inahitaji fedha kidogo katika bajeti ya kaunti, idhini ya jamii zenyewe, na afisa anayejua kwa nini anaifanya.

Mtengeneza gemu naye ana la kufanya mapema. Asajili programu na maandishi ya wahusika wake kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Kanuni za mchezo wake, asizotaka mtu mwingine azihodhi, azichapishe wazi zikiwa na tarehe, maana kilichokwisha kutangazwa si kipya tena kwa anayekuja nyuma. Kabla ya kuipeleka gemu sokoni ng'ambo, apekue hifadhi za hataza zilizo huru mtandaoni ajue uzio umepita wapi.

Na Bunge lina wajibu wake. Tangu 2020 kumekuwa na mswada wa kuunganisha KIPI, KECOBO na mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia kuwa ofisi moja. Sheria zinapoandikwa upya, vifungu vidogo hudondoka bila kelele, hasa pale kampuni kubwa zinapotaka Kenya ifanane na masoko yao. Wabunge wa Kaskazini Mashariki, watakaposoma mswada wowote wa aina hii, watafute yale maneno ya kifungu cha 21 kuhusu kanuni za kucheza michezo. Yakiwa hayamo, wasiupitishe.