Msomi wa Mambo ya Roho Akirudi, Aanzie Kivukoni



Padre akitangaziwa kwamba anakwenda kusomea Sheria ya Kanisa, wenzake humpongeza. Akienda kusomea Maandiko Matakatifu, humwombea, kwa sababu Kiebrania si mchezo. Lakini akitumwa kusomea maisha ya kiroho, saikolojia na makuzi ya mtu, hakosekani anayeuliza mezani: “Kwani kusali kunasomewa?” Tunacheka, kisha tunaendelea kula. Tumeona vema safari hii tulijibu swali hilo, maana linatugusa sisi tunaolelewa na sisi tunaolea.

Masomo hayo si ya jana. Chuo Kikuu cha Gregoriana huko Roma kina taasisi ya saikolojia tangu mwaka 1971, iliyoanzishwa na Mjesuiti Luigi Rulla. Hapa jirani, Tangaza ya Nairobi imewafundisha mapadre, masista na mabruda wengi wa Afrika Mashariki maisha ya kiroho na malezi ya kitawa. Mwaka 1992, katika waraka wake juu ya malezi ya mapadre, Pastores Dabo Vobis, Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba malezi ya kiutu ndiyo msingi wa malezi yote ya padre, na kwamba utu wake uwe daraja la kuwafikisha watu kwa Kristo, usiwe kizuizi. Papa alisema daraja. Mtu wa Kivukoni angesema pantoni: kama injini ni mbovu, hata nahodha mtakatifu hakuvushi kwenda Kigamboni.

Basi hatubishani juu ya kusoma. Hoja yetu inahusu mahali anapopangiwa msomi huyu akirudi. Mara nyingi hupewa moja kati ya mawili. Ama anapelekwa moja kwa moja nyumba ya malezi awe baba wa kiroho, au, kwa kuwa jimbo lina upungufu wa watu, anakabidhiwa shule, mradi au vitabu vya fedha, na shahada inabaki kwenye bahasha. La pili ni hasara inayoonekana. La kwanza tunalipinga kwa heshima: mtu aliyetumia miaka miwili au mitatu akisoma juu ya moyo wa binadamu kwa Kiingereza au Kiitaliano asikabidhiwe mioyo ya mafrateri kabla hajakaa na watu wa kawaida wanaoumia kwa Kiswahili. Kwa Dar es Salaam, tungependa aanzie Kivukoni.

Kwa nini Kivukoni? Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902, linatazama bandari. Upande mmoja ni Feri na soko la samaki, upande mwingine ni maofisi, na ukipanda kidogo unaingia Kariakoo. Anayepiga magoti pale katikati ya juma si lazima awe mwanaparokia. Pengine jumuiya yake ndogo ndogo iko Mbagala au Gongo la Mboto, na amechagua kanisa la mjini kwa sababu hapo hakuna anayemjua. Hilo peke yake ni somo. Paroko wa nyumbani anamjua mke wake, mkwe wake na mwenyekiti wa jumuiya yake. Mjini mtu anaweza kusema.

Anasema nini? Hapa ndipo msomi anapoanza kusoma upya. Vitabu vyake vinatenganisha huzuni, hofu, uchovu wa akili na ugonjwa, kila kimoja na jina lake. Wataalamu wetu nao wametupatia maneno, kama sonona na msongo wa mawazo. Lakini muuza mitumba wa Mtaa wa Congo haji kusema ana sonona. Anasema, “Padre, nina mawazo.” Au moyo unaenda mbio, usingizi umepotea, presha inapanda, biashara imekufa ghafla na anahisi amechezewa. Ukimsikiliza dakika tano zaidi utakuta mkopo wa kausha damu, marejesho ya kila siku, na mume ambaye hajaambiwa. Katika neno hilo moja, mawazo, mna deni, mna dhambi pengine, mna ugonjwa pengine, na mna hofu ya wachawi. Kuyachambua hayo bila kumdharau msemaji hakufundishwi darasani Nairobi wala Roma. Kunafundishwa na foleni.

Wapo pia wenye majeraha ambayo jiji zima liliyaona. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo. Zaidi ya watu 20 walifariki, na ndugu walisubiri kandokando ya vifusi kwa siku kadhaa. Misa za marehemu tuliziadhimisha, na tulifanya vema. Lakini aliyetoka hai, ambaye sasa hawezi kushuka kwenye stoo ya chini kuchukua mzigo, anamwendea nani? Sala ya marehemu haikutungwa kwa ajili yake.

Watu hawakai bila pa kwenda. Tukifunga mlango, mwingine yuko wazi usiku kucha, wenye spika. Wasomaji wetu wa makamo wanakumbuka mvutano wa miaka ya 1990 kati ya maaskofu na huduma ya maombezi ya Padre Felician Nkwera. Hatufufui kesi hiyo. Tunauliza tu kwa nini makundi yale ya watu yalikwenda. Kwa maoni yetu, wengi walifuata mahali ambapo maumivu yao yaliitwa maumivu, bila kuambiwa warudi Jumatatu saa za ofisi.

Lakini nusu elimu nayo ni hatari, na hapa tunawageukia wasomi wenyewe. Mtakatifu Teresa wa Avila alieleza waziwazi kwamba waungamishi waliosoma nusu ndio waliomdhuru. Mama huyo huyo, katika kitabu chake juu ya monasteri alizozianzisha, alitenga sura nzima kwa ajili ya masista wenye melankoli, akiwaelekeza wakubwa wao jinsi ya kuwaongoza. Aliandika hayo katika karne ya 16, kabla ya idara yoyote ya saikolojia. Alijua kwamba si kila machozi ni neema, wala kila ukali si shetani. Ibada ya Kanisa ya kupunga pepo, iliyotolewa upya mwaka 1998, inamwonya vilevile padre asiharakishe kumwona pepo mahali penye ugonjwa. Na upo upande wa pili: msomi aliyerudi na msamiati mpya, ambaye kwake kila dhambi imekuwa jeraha la utotoni, na mtu anatoka kitubioni amechambuliwa lakini hajatubu. Huyo naye amevusha nusu ya bahari.

Mtu atasema kazi hii ni ya hospitali. Kweli, na Muhimbili haiko mbali. Padre aliyesoma vizuri hujulikana kwa wepesi wa kusema, “Hili si langu, twende kwa daktari,” kisha akaendelea kumtembelea mgonjwa. Mwongozo wa Vatikano wa mwaka 2008 juu ya saikolojia katika malezi ya mapadre unawakataza walezi kutumia mbinu maalumu za tiba ya kisaikolojia, na unataka mseminari asipelekwe kwa mwanasaikolojia bila ridhaa yake huru. Kwa hiyo hata huko nyumba ya malezi shahada haimfanyi mlezi kuwa tabibu.

Jambo moja, hata hivyo, hospitali haiwezi kulitoa kama sisi. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Fikirini maana yake kwa kijana aliyenusurika juzi. Nyumbani ni aibu, mtaani ni minong’ono, kituoni ni jalada. Katekisimu inasema kwamba matatizo makubwa ya akili, hofu au mateso hupunguza uwajibikaji wa mtu wa namna hiyo, na siri ya kitubio haivunjwi na yeyote. Pengine kiti cha kitubio ndicho mahali pekee katika jiji lenye mamilioni ya watu ambapo kijana huyo anaweza kulitaja jambo hilo kwa sauti. Akimkuta padre mwenye haraka, anayemkemea na kumpa litania moja, tumempoteza, na labda hatutajua kamwe.

Tunaongeza la masista na walei. Maondoleo ni ya padre, lakini kusikiliza hakuhitaji daraja takatifu. Mama lishe aliyepigwa na mumewe huenda akamweleza sista asiyoweza kumweleza padre yeyote, hata awe na shahada tatu. Tunatamani kuona nafasi za masomo haya zikigawanywa kwa namna inayolitambua hilo, na sista akirudi asirudishwe sakristia.

Tunajua mapadre hawatoshi na tunajua ada ya uzamili ni kiasi gani. Ndiyo maana hatuombi kituo kipya wala harambee. Miaka miwili ya kwanza baada ya masomo, kabla ya seminari na kabla ya vitabu vya fedha. Chumba kimoja penye kanisa la mjini, viti viwili, feni, mlango unaofungika, usiopitia kwa katibu. Na saa zibandikwe nje ukutani kwa herufi kubwa, zikiwemo za jioni, maduka ya Kariakoo yakishafungwa.