Kitufe chekundu kitaje sababu

Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, vituo vya matibabu vya Beni na Butembo vilianza kutoa taka ambazo hakuna jalala linaloweza kuzipokea: glavu, sindano, aproni, shuka. Zilipaswa kuteketezwa. Mlipuko uliisha 25 Juni 2020, ukiwa umeua watu 2,287, na mabishano mengi yakawa ya chanjo na mazishi. Mhudumu wa tanuri hakuulizwa neno.

Kazi yake si ya kubahatisha. Chumba cha pili cha tanuri, kile kinachomalizia moshi, chahitaji walau nyuzi 850, na penye kichomeo cha mazuti, kuwasha huanza bila moto. Kwanza feni hupuliza ili kufagia mvuke uliobaki ndani. Ndipo cheche na mafuta hufuata. Jicho la kichomeo lisipouona mwali ndani ya sekunde chache, vali hufunga na kitufe chekundu huwaka.

Kwa asiyeelezwa, feni inayonguruma bila moto na kitufe kilichowaka vina maana moja: mashini imegoma. Anabonyeza. Anabonyeza tena. Kila jaribio huacha mazuti kidogo juu ya matofali yenye joto, yanageuka mvuke, na cheche moja inayofuata inatosha kung'oa mlango.

Ni rahisi kumlaumu. Lakini Dearborn, Marekani, tarehe 1 Februari 1999, gesi iliyojikusanya ndani ya boila ililipua kituo cha umeme cha kiwanda cha Ford na kuua wafanyakazi 6, katika nchi isiyopungukiwa mafundi wala vitabu vya kanuni.

Butembo, mji ulioishi miaka mingi kwa jenereta, umeme ukikatika kichomeo huanza upya mwanzo hadi mwisho, pengine mara kadhaa kwa zamu. Kibao chake kimeandikwa lugha ya kiwanda kilikotoka. Sababu ya kuzima ni herufi na tarakimu. Hapo ndipo mbinu za mkato huzaliwa, kama ile ijulikanayo na mafundi wengi ya kulimulika jicho kwa tochi ili liamini kuna mwali. (Jicho lenyewe mara nyingi lina masizi tu, kitambaa kikavu kingetosha.)

Dawa yake haina gharama kubwa: taa tatu zenye maneno ya Kiswahili, “Inafagia hewa, subiri”, “Moto upo”, “Moto haukuonekana, safisha jicho”, na kifaa kinachokataa jaribio la tatu mpaka msimamizi afike. Hospitali na wafadhili wayaandike hayo kwenye mkataba wa ununuzi. Siku ya makabidhiano, fundi alifunike jicho kwa kitambaa mbele ya mhudumu wa zamu ya usiku, mashini ijifunge, na mhudumu aeleze kilichotokea kabla malipo ya mwisho hayajatolewa.