Springi za gari hazifungwi kwa kamba

Siku za mapumziko, si ajabu kumkuta mtumishi wa umma au mwalimu amelala chini ya gari lake, mikono imejaa grisi, akitengeneza mwenyewe kile ambacho angeweza kumpelekea fundi. Jambo hili ni la kupongezwa. Magari yetu mengi ni makuukuu, mshahara una mambo mengi ya kutimiza, na mtu anayejua kushika spana hana sababu ya kuona haya. Hata hivyo, ipo kazi moja inayofanywa nyumbani bila ya kupewa uzito unaostahili, nayo ni kubadilisha springi za mbele.

Nimepata kumwona mwalimu mmoja, mtu makini katika mambo mengine yote, akiifunga springi kwa kamba ya manila wakati gari lingali limeikalia. Kisha aliliinua gari kwa jeki, akaitoa shokomzoba pamoja na springi yake, akaanza kufungua nati ya juu. Kamba ilikatika. Springi ilifyatuka ikagonga ukuta na kubomoa lipu, hatua mbili tu kutoka mahali alipoketi mwanawe aliyekuwa akimpa spana. Hakuumia mtu. Lakini tusijidanganye kwamba ule ulikuwa ufundi. Ile ilikuwa bahati.

Yafaa ieleweke hatari hii inatoka wapi. Magari mengi madogo hutumia muundo wa mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, uliopata umaarufu katika magari ya Ford Consul na Zephyr mwaka 1950. Katika muundo huo springi huizunguka shokomzoba, na nati moja ya juu ndiyo inayoizuia isifyatuke. Hata gurudumu linaponing'inia hewani, springi hubaki imebanwa. Katika gari la kilo 1,100 hivi, springi moja ya mbele hubeba uzito unaokaribia kilo 300. Walimu wa fizikia wanaifahamu kanuni aliyoieleza Robert Hooke mwaka 1678, kwamba nguvu ya springi huongezeka kwa kadiri inavyobanwa. Na nishati inayohifadhiwa huongezeka zaidi ya hapo: ukiibana mara mbili, nishati huwa mara nne. Kamba haina uwezo wa kuaminiwa na mzigo wa namna hiyo.

Je, basi kazi hii iachwe kwa mafundi peke yao? La hasha. Mtu mwangalifu aweza kuifanya, ilimradi aheshimu utaratibu wake. Gari liwekwe mahali tambarare na pagumu, magurudumu ya nyuma yazuiwe, na baada ya kuinuliwa likalishwe juu ya stendi madhubuti za chuma. Jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemewa na mtu aliye chini. Mpira wa breki ufunguliwe kutoka kwenye kishikio chake usije ukavutwa. Bolti za chini zitolewe, kisha nati za pembeni zinazoishikilia shokomzoba kwenye bodi. Ile nati ya katikati isiguswe kamwe kabla springi haijabanwa kwa vibanio viwili vya chuma vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, vikae pande mbili zinazoelekeana, na vikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka springi ilegee katika vikalio vyake. Springi mpya nayo isiachiwe mpaka ncha yake imekaa mahali pake na nati ya katikati imekazwa. Wakati wote huo, uso usiwe mbele ya ncha ya springi, na watoto wawe mbali.

Tena springi hubadilishwa mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, kwani moja mpya na moja iliyochoka hulifanya gari liiname na liyumbe wakati wa breki. Baada ya kazi, magurudumu ya mbele yapimwe na kunyooshwa, la sivyo tairi zitalika upande mmoja.

Wako watakaosema kwamba wapo mafundi wanaofunga springi kwa waya na kamba miaka nenda rudi bila ya kudhurika. Hoja hiyo ni dhaifu. Aliyeponea chupuchupu mara mia hajathibitisha kwamba njia yake ni salama. Wala yule aliyepoteza jicho hayupo gereji kutoa ushuhuda. Kwa hiyo hata tunapompelekea fundi kazi hii, ni haki na wajibu wetu kuuliza kwanza: vibanio viko wapi?

Ikiwa mtu mmoja haoni sababu ya kununua vibanio atakavyovitumia mara moja katika miaka kadhaa, walimu wa shule moja au watumishi wa ofisi moja waweza kuchanga wakavinunua kwa pamoja, na kila mwenye haja akaazima. Huko ndiko kujitegemea kwa kweli. Kujitegemea kunakomwacha mtoto bila baba kwa ajili ya kuokoa nauli ya kwenda gereji si kujitegemea hata kidogo. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Na mbele ya springi iliyobanwa, hatari haisubiri mtu ajifunze.